Kabla ya Kununua Pampu ya Hewa: Jinsi Hitilafu ya Umeme Inavyotafutwa

Taa ya injini inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika, wengi wetu hufika gereji tukiwa na swali moja: itagharimu kiasi gani? Katika somo hili tunapendekeza swali hilo litanguliwe na jingine: fundi amepima nini? Tumechagua mfumo mmoja, ule wa kuingiza hewa ya ziada kwenye ekzosi, kwa kuwa pampu yake ni ghali na ni rahisi kulaumiwa bila ushahidi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana gari lililotumika Ulaya kabla ya kuingizwa nchini. Taa ya injini imewaka. Mashine ya kusomea hitilafu imeonyesha P0418, naye fundi akasema, "Mama, pampu ya hewa imekufa, tuagize nyingine." Mama akalipa, pampu ikafungwa, namba ikafutwa. Siku ya tatu taa ikarudi. Gereji ya pili ilipopima iligundua kwamba pini moja ya soketi ya rilei ilikuwa imeliwa na kutu. Pampu ya zamani ilikuwa nzima. Umeme tu ndio haukuwa ukiifikia.

Kazi ya mfumo huu

Injini inapowashwa ikiwa baridi, hupewa petroli nyingi kuliko kawaida, na sehemu ya petroli hiyo hutoka bila kuungua. Wakati huohuo masega, yaani kifaa cha kusafisha moshi kilichomo kwenye bomba la ekzosi, hayajapata joto la kuyawezesha kufanya kazi. Hapo ndipo pampu ya umeme hupuliza hewa safi kwenye ekzosi karibu na injini. Hewa hiyo huunguza mabaki ya petroli, na moto wake huyapasha masega upesi. Baada ya muda mfupi, aghalabu nusu dakika hadi dakika moja na nusu, pampu huzimika.

Si kila gari lina mfumo huu. Ukiambiwa pampu yako imeharibika, omba kwanza uonyeshwe ilipo.

Umeme wa pampu hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi kubwa, kisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayotumia umeme mdogo kuruhusu umeme mkubwa upite. Kompyuta ya gari ndiyo inayoiamuru rilei. Kutoka hapo umeme huingia kwenye pampu na kurudi kwenye betri kupitia waya wa ethi. Njia hii ikikatika popote, pampu haitazunguka, hata kama ni mpya.

Namba inasema nini

Namba zinazoanza na P0 zina maana moja kwa watengenezaji wote. P0410 husema kwa ujumla kwamba mfumo wa hewa ya ziada una kasoro. P0411 huhusu kiasi cha hewa kisichokuwa sahihi, na chanzo chaweza kuwa mpira uliopasuka au valvu iliyokwama. P0412, P0413 na P0414 huhusu njia ya umeme ya valvu. P0418 huhusu njia ya umeme ya rilei.

Msomaji ataona kwamba hakuna hata moja kati ya hizo inayosema "nunua pampu". Namba humwelekeza fundi mahali pa kuanzia kupima, nayo haimwondolei wajibu wa kupima.

Hatua za kupima

Hatua hizi ni kazi ya fundi umeme. Tunazieleza ili uzitambue zinapofanyika, na utambue pia zinaporukwa.

Kwanza, injini iwe baridi. Pampu haifanyi kazi injini ikiwa imeshapata moto. Kwa hiyo fundi anayesema "haizungui" dakika chache baada ya wewe kuendesha gari hadi kwake, bado hajathibitisha lolote. Liache gari lilale gereji, au fundi atumie mashine inayoweza kuiamuru pampu moja kwa moja. Asubuhi, washa na usikilize. Pampu nzima huvuma mithili ya mashine ya kukaushia nywele saluni, kisha hunyamaza.

Pili, fyuzi. Ikiwa imeungua, isibadilishwe bila kuuliza sababu. Mara nyingine maji ya mvuke wa ekzosi hupita kwenye valvu iliyochoka, yakaingia kwenye pampu na kuikwamisha. Pampu iliyokwama huvuta umeme mwingi na kuunguza fyuzi. Kamwe usikubali kufungiwa fyuzi yenye ampea kubwa kuliko iliyoandikwa na mtengenezaji, wala kipande cha waya mahali pa fyuzi. Fyuzi huwekwa ili iungue kabla ya waya. Ukiizidisha nguvu, waya ndio utakaoungua, na gari laweza kushika moto.

Tatu, volti kwenye plagi ya pampu. Kipimo kifanyike pampu ikiwa imeunganishwa na imeamriwa kuzunguka. Sababu yake ni hii: waya uliobakiwa na uzi mmoja mwembamba waweza kuonyesha volti 12 plagi ikiwa imechomolewa, lakini ukashindwa kubeba mzigo wa pampu. Ikiwa volti zinazokaribia zile za betri zinafika, na ethi ni nzuri, lakini pampu haizunguki, basi pampu ndiyo yenye kosa. Ikiwa volti hazifiki, pampu bado haina hatia, na uchunguzi urudi nyuma kuelekea kwenye rilei.

Nne, rilei na soketi yake. Fundi aangalie kama umeme wa betri unafika kwenye soketi, kama amri ya kompyuta inafika, na kama rilei inaupitisha umeme. Pini zilizoota kutu au kuungua huonekana kwa macho.

Tano, ethi. Pampu ikiwa imeamriwa, mita iwekwe kati ya pini ya ethi ya pampu na ncha hasi ya betri. Kipimo kinapaswa kukaribia sifuri. Kikizidi nusu volti, waya au maungio yake yana kutu au yamelegea, na huenda kuyasafisha kukatosha.

Mambo ya kukataa

Kufuta namba si matengenezo. Kosa likiwapo, taa itarudi baada ya kuwasha gari mara kadhaa. Usikubali pia taa ya injini izibwe au ing'olewe. Magari mengi huendelea kutembea mfumo huu ukiwa na hitilafu, ingawa baadhi hupunguza nguvu. Lakini taa iliyozibwa haitakuonya siku injini itakapopata kosa kubwa zaidi. Taa ikianza kuwakawaka badala ya kutulia, hilo ni jambo jingine: injini haichomi vizuri, masega yako hatarini, nawe upunguze mwendo na kutafuta fundi mapema.

Maneno ya kusema gereji

Huhitaji kuwa fundi ili kulinda fedha zako. Sema kwa heshima: "Fundi, kabla hatujaagiza pampu, naomba unionyeshe volti zinazofika kwenye plagi yake injini ikiwa baridi." Fundi mwenye ujuzi hataudhika. Lipia kazi ya kupima, kwani nayo ni kazi halali, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo kuliko ya pampu isiyohitajika.

Omba namba ya hitilafu na vipimo viandikwe kwenye karatasi. Omba urudishiwe kifaa cha zamani. Dai risiti inayotenganisha gharama ya kifaa na ya ufundi, pamoja na muda wa dhamana. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mtumiaji, lakini malalamiko yasiyo na maandishi ni vigumu kuyathibitisha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukiwa na karatasi ile, hata gereji ya pili haitaanza upya kwa kubahatisha.