Mgonjwa wa Kiharusi Karudi Nyumbani: Mpeni Kazi

Mzee katoka wodini, mkono umelegea, mguu unaburuzika. Nyumbani kila mtu ana lake: huyu kaleta mafuta ya kuchulia, yule kabandika maji ya moto. Subirini kwanza.

1. Mkono wenyewe hauna kosa. Kilichoumia ni sehemu ya ubongo inayouamrisha, na ubongo hujifunza upya pale mgonjwa anapojaribu mwenyewe. Kuchuliwa kunastarehesha, sikatai, ila hakumfundishi mtu kushika kikombe. Na hayo maji ayapime mwingine: upande wenye ganzi huweza kuungua naye asisikie.

2. Saa 24 za mwanzo tangu mtu apate kiharusi, asiharakishwe. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulihusisha wagonjwa 2,104 katika nchi 5. Kati ya walioinuliwa mapema sana na kwa mazoezi mengi, asilimia 46 walikuwa wakijitegemea baada ya miezi 3. Kati ya waliopata huduma ya kawaida, asilimia 50. Hiyo si ruhusa ya kumlaza wiki nzima. Hata hao wa huduma ya kawaida, zaidi ya nusu yao walitoka kitandani ndani ya saa hizo hizo 24.

3. Chungeni bega. Misuli iliyolegea hailishikilii. Ukimvuta mkono, au ukimnyanyua kwa kumshika kwapani, unamtafutia maumivu ya miezi. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Na ile kamba ya kapi iliyofungwa juu ya mlango, ambayo mkono mzima unauvuta ule dhaifu hadi juu ya kichwa, ishusheni leo.

4. Kuinuka kitini. Ningeambiwa nichague zoezi moja tu, ningechagua hili. Kiti kiwe imara, kimeegemea ukuta. Mgonjwa asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, hasa unyayo wa mguu dhaifu, maana ule mzima hupenda kubeba mzigo wote. Ainame mbele mpaka pua ivuke vidole vya miguu, ndipo aikanyage sakafu kwa nguvu na kusimama. Wewe kaa upande wake dhaifu, mikono tayari, usimbebe. Ikimshinda, wekeni mto kitini apate kimo, akizoea, uondoeni. Afanye mara kadhaa, apumzike, arudie. Kizunguzungu au maumivu ya kifua yakija, acheni hapo hapo na mtafute daktari.

5. Mkono nao uwe na zamu yake. Kumenya ndizi, kukunja kanga, kubana nguo kambani kwa vibanio. Mpira wa kuminya siupendi sana: mikono mingi ya namna hii hufumba kwa urahisi, kazi ni kuifungua. Kama kiganja na vidole vinafunguka japo kidogo, muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia kuhusu kuuvisha glovu mkono mzima ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Utafiti wa EXCITE wa Marekani, mwaka 2006, uliwafanyia hivyo wagonjwa kwa wiki 2, pamoja na mazoezi ya saa nyingi kila siku. Ilikuwa imepita miezi 3 hadi 9 tangu waugue, na nafuu ilionekana hata mwaka mmoja baadaye. Glovu ivuliwe wakati wa kutembea na mkongojo.

6. Msiuze ng'ombe kwa ajili ya mashine. Uingereza walijaribu roboti ya mkono katika utafiti wa wagonjwa 770. Matokeo yalitoka mwaka 2019: haikuushinda utaratibu wa kawaida.

7. Kliniki msiiache. India, familia zilifundishwa kufanya mazoezi na wagonjwa wao nyumbani, na utafiti uliotangazwa mwaka 2017 haukuona tofauti na huduma ya kawaida. Kwa hiyo juhudi zenu zinahitaji jicho la mtaalamu. Mrekodini mgonjwa kwa simu akitembea uani, mtaalamu aione hiyo video. Naye akionyesha zoezi jipya, lirekodini pia. Mkiwa huko huko kliniki, apimwe presha na mchukue dawa za mwezi.