Jino Si Kucha

Daktari wa meno anayehudumia wakazi wa Wazo na Tegeta amechoka kutumiwa picha za wasanii kwenye simu. Akiulizwa vinia ni nini, huchukua moja, kipande cha kauri chembamba kama ganda la yai cha kubandikwa juu ya jino, akakiweka kwenye ncha ya kidole. Somo limeisha. Yanabaki maswali yanayomkera.

Mwanangu ana miaka 15, anataka vinia kabla ya mahafali ya kidato cha nne.

Hapana. Anunuliwe viatu.

Nina miaka 19. Nimeambiwa jino likikwanguliwa kidogo linajirudia.

Hapa daktari husogeza kiti. Enameli, tabaka gumu la nje la jino, hutengenezwa jino likiwa bado ndani ya fizi, na seli zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza. Kwenye jino la mbele unene wake ni kama milimita moja, na karibu na fizi hupungua zaidi. Ikikwanguliwa nusu milimita, imekwenda moja kwa moja. Tena kiini cha jino la kijana ni kikubwa, mishipa ya fahamu iko karibu zaidi na uso wa jino kuliko ya mtu wa miaka 40. Mashine ikizidisha, mgonjwa atalala ameshika shavu, na pengine aishie kutibiwa mzizi. Fizi nazo huchelewa kutulia. Zikipanda, ukingo wa vinia unaonekana. Kisha kuna hesabu ambayo hakuna anayeitaja kwenye matangazo: kauri ikitunzwa hudumu takriban miaka 10 hadi 15. Anayeanza akiwa na 19 huenda akaibadilisha mara tatu kabla ya kufika 60, na kila mara analipa.

Barua tatu, kutoka Boko, Salasala na Tegeta: tumekulia Arusha na Kilimanjaro, meno yetu ni ya kahawia, tunacheka tumeziba mdomo.

Zinajibiwa pamoja. Huo si uchafu, wala si uvivu wa kupiga mswaki. Ni floridi iliyozidi kwenye maji ya huko, iliyoingia jino likiwa linaumbwa utotoni. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia kiwango cha juu kuliko hicho. Magadi ya kulainishia maharage na makande huongeza. Kuchemsha maji hakuiondoi: maji yanapungua, floridi inabaki. Ndiyo maana kituo cha Ngurdoto, wilayani Meru, kilihangaika na vichujio vya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa.

Hawa wana hoja zaidi kuliko anayetaka kufanana na msanii. Hata hivyo waanze na kung'arishwa juu juu hospitalini, kisha kompoziti, yaani ujazo wa rangi ya jino, ambayo mara nyingi haihitaji kukwangua sana. Vinia ya kauri ije mwisho, wakiwa watu wazima.

Ndimu na mkaa je?

Ndimu ni asidi, mkaa ni msasa. Vyote vinakula enameli.

Kuna dada wa saluni anabandika kwa bei poa.

Kwa gundi ya kucha! Kabla hujafungua mdomo, uliza kama anayekuhudumia amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Na wewe uliyekwisha kubandikwa, fizi ikivuja damu au mdomo ukinuka, usijibandue kwa kisu. Nenda hospitali leo.