Utata wa Kileksika katika Vichwa vya Kurasa za Wavuti: Mfano wa Dagaa wa Kigoma

Makala haya yanachunguza uteuzi wa maneno katika vichwa vya kurasa za wavuti za Kiswahili. Kichwa ni mojawapo ya viashiria ambavyo mitambo ya kutafutia habari hutumia kubaini ukurasa unahusu nini na uorodheshwe wapi.

Neno ‘dagaa’ ni mfano mwafaka. Katika Ziwa Tanganyika hurejelea hasa Stolothrissa tanganicae. Katika Ziwa Victoria hurejelea Rastrineobola argentea, samaki wa ukoo mwingine kabisa. Hivyo, kichwa ‘Bei ya Dagaa’ humpeleka mnunuzi wa Kigoma kwenye bei za Mwanza. ‘Dagaa wa Kigoma: Bei katika Mwalo wa Kibirizi’ huondoa utata huo. Kuongeza ‘Tanganyika’ pekee hakutoshi, kwani hilo pia ni jina la nchi iliyoungana na Zanzibar mwaka 1964.

Mofolojia nayo ina nafasi yake. ‘Mvuvi’, ‘wavuvi’ na ‘uvuvi’ yana mzizi mmoja, lakini mtambo usiochanganua viambishi huyahesabu kuwa maneno matatu. Hata hivyo, kuyarundika yote kichwani si suluhisho: kirai hugeuka orodha, na Google huweza kukibadilisha kichwa cha namna hiyo katika matokeo yake. Inafaa kichwa kiwe ‘Uvuvi wa Dagaa Ujiji’, na maumbo mengine yajitokeze ndani ya matini.

Kwa jumla, kichwa bora ni kirai nomino kinachotaja kitu, mahali na jambo linaloelezwa. Kikikosa hayo, maarifa yaliyoandikwa kwa Kiswahili hubaki yamefichika kwa Waswahili wenyewe.