Somo la soko: Tutoke shambani, tuingie jikoni kwa mnunuzi



Mara nyingi katika mafunzo yetu tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na magala. Leo tuzungumze juu ya kitu kisichogharimu hata franka moja: namna tunavyolieleza zao letu mbele ya mnunuzi.

Mfano wa maharagi

Tuseme tuko kwenye soko la Virunga, hapa Goma. Wamama wawili wanauza maharagi ya shamba moja. Wa kwanza anaita: "Maharagi ya Rutshuru, mzuri sana!" Wa pili anasema: "Mama, hii ni ya mavuno mupya. Inaiva mbio, haitamaliza makala yako."

Mnunuzi atasimama kwa nani? Katika mji wetu familia nyingi zinapikia makala, na makala iko bei. Maharagi yaliyokaa sana gala yanachelewa kuiva, mama anajua hivyo. Muuzaji wa kwanza ameongelea shamba lake. Wa pili ameongelea sufuria ya mnunuzi. Maharagi ni yale yale, lakini yametazamwa kutoka upande mwingine.

Mfano wa kahawa

Miaka mingi wakulima wa upande wa Minova na Kalehe walivuka ziwa Kivu usiku kwa mitumbwi, kwenda kuuza kahawa yao Rwanda. Wengi walizama. Na kahawa iliyofika ng'ambo ilipoteza jina la kwao. Mwaka 2003 koperative SOPACDI ilianzishwa Minova. Wanamemba wakajenga kituo cha kuoshea kahawa, na 2011 wakapata cheti cha Fairtrade. Kahawa ikaanza kwenda Ulaya kwa jina lake: arabika ya milima ya Kivu.

Tuangalie vizuri hapa. Jina peke yake lisingetosha. Kama kahawa isingeoshwa vizuri, jina lingekufa kwenye gunia la kwanza. Kazi ilitangulia, neno likafuata.

Huruma si soko

Watu wengi wa mbali wanatujua kwa vita na kwa volkano. Ni kweli, Mei 2021 Nyiragongo iliunguza nyumba zetu. Lakini udongo wa volkano ndio pia unaolisha viazi na maharagi yetu. Tukisema tu "mtuhurumie, mtununulie", mtu atanunua mara moja. Tukimwonyesha uzuri wa zao, atarudi. Mateso yetu tusiyafiche, lakini tusiyafanye ndiyo bidhaa.

Tufanye nini?

1. Tuulize kwanza. Mama wa nyumbani anawaza makala. Mwenye restora anawaza kiazi kisichovunjika kikipikwa. Mwenye duka anawaza kama mzigo utafika siku ile tuliyopatana.

2. Tuchague jambo moja tu, tena la kweli. Sifa kumi kwa mara moja hakuna anayezishika.

3. Tuonyeshe. Sufuria ndogo ya maharagi yaliyopikwa, ikiwa karibu na mfuko, inasema kuliko sisi.

Onyo: tusichanganye maharagi ya zamani na mapya kisha tukaita yote mapya. Kiliya aliyemaliza makala yake bure hatarudi, na atawaambia majirani. Hapo koperative nzima italipa kosa la mtu mmoja. Kuchagua upande wa kuonyesha si uongo. Kuonyesha upande ambao haupo, huo ndio uongo.

Kazi ya mkutano ujao

Kila kikundi kichague zao moja na kuandika sentensi mbili: ya kwanza ya mkulima, ya pili inayojibu hitaji la mnunuzi. Mwanamemba mmoja asimame kama mnunuzi mgumu, abishane juu ya bei. Tusikilize ni neno gani linamfanya afungue mfuko wake, kisha tujiulize pamoja: je, mazao yaliyo galani kwetu leo yanaweza kulitimiza neno hilo?

Mavuno mema, na soko jema.