Unamcheka nani?

Je, wewe ni mpenzi wa filamu za kuchekesha? Mimi ndiyo ugonjwa wangu! Juzi nilikuwa Makambako, nikaingia kibanda umiza kukimbia baridi. Walianza na Coming to America ya mwaka 1988. Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme anayejifanya maskini na kudeki mgahawa huko New York, ili apate msichana atakayempenda yeye, siyo hela zake. Tulivunjika mbavu. Hiyo naipa maksi zote.

Ikafuata Coming 2 America ya mwaka 2021. Humu Akeem anagundua ana mtoto mkubwa. Kumbe usiku mmoja zamani alivutishwa bangi, akalewa, mwanamke akalala naye. Mwenyewe hakumbuki kitu. Kibanda kizima kicheko! Nami nilicheka, sifichi.

Kwenye basi la kurudi Njombe kicheko kikaniisha. Hebu fikiria aliyeleweshwa ni dada yako, kwenye sherehe ya kumaliza Form Four. Bado unacheka? Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka wazi: kumlevya msichana ili akubali ni ubakaji. Na mvulana je? Naye kaumizwa, hata kama washikaji wanampigia makofi.

Ikikutokea wewe au rafiki yako, wahi hospitali kabla ya kuoga. Dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa ina maana. Nenda na mtu mzima unayemwamini.