Somo la Gobori na Nyati: Kwa Nini Mwindaji wa Kale Alihitaji Mwenzi

Mtu asimamaye leo katika mtaa wa Upper Hill, mjini Nairobi, huona majumba marefu ya bima na ya benki, hospitali, afisi za Serikali, na barabara ya Ngong ielekeayo magharibi. Jumba moja, la Britam, lililokamilika mwaka 2017, lina kimo cha mita 200. Lakini Reli ilipofika Nairobi mwezi wa Mei, 1899, hapakuwa na mji. Palikuwa na uwanda wenye majimaji, na kilima hiki juu yake, ambacho baadaye kilijengwa nyumba za wakubwa wa Reli.

Nyati hakuwa mgeni katika nchi hiyo, wala si mgeni hata sasa. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliwinda nyati kwenye mafunjo ya Kamiti, kaskazini ya Nairobi. Na upande wa kusini, katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1946, nyati wangali wakilisha, mwendo wa kilometa saba hivi kutoka katikati ya jiji.

Wawindaji wa siku za Roosevelt walikuwa na bunduki za kisasa. Somo hili lahusu wale waliowatangulia, waliomwendea mnyama huyu na gobori, yaani bunduki ya kushindiliwa kwa mdomo, yenye baruti nyeusi na risasi moja tu. Msomaji ataona kwamba ustadi wa kazi ile haukuwa katika shabaha peke yake. Ulikuwa zaidi katika mapatano ya watu wawili.

MNYAMA MWENYEWE

Nyati, ambaye watu wengi wa bara humwita mbogo, ni wa jamii ya ng'ombe. Dume kubwa laweza kupata uzito wa kilo 800. Pembe zake huungana juu ya paji la uso zikafanya kitu mfano wa ngao. Kwa hiyo risasi ya duara iliyopigwa mbele ya kichwa yaweza kubambatika pale pale bila kufika kwenye ubongo. Pua yake ni kali sana, kuliko macho yake. Mara nyingi ndege aitwaye shashi hukaa mgongoni mwake akila kupe, na ndege huyo akiruka ghafula kwa kelele, nyati huinua kichwa, akajua kuna jambo.

Nyati wa kundi hupenda kukimbia wote pamoja. Wa kuogopwa zaidi ni madume mazee yanayojitenga, moja moja au mawili matatu, yakikaa vichakani karibu na maji. Naye aliyejeruhiwa ni mbaya kuliko wote. Huingia msituni, na huweza kuzunguka akasimama kimya kando ya njia ile ile aliyopita, akimngoja anayefuata nyayo zake.

Mbio zake zaweza kufika kilometa 50 kwa saa. Msomaji afanye hesabu: hizo ni mita 14 hivi kwa kila sekunde. Nyati aliye mbali mita 40 humfikia mtu kabla sekunde tatu hazijatimia. Hesabu hii ikumbukwe, maana itahitajiwa mbele.

SILAHA

Baruti nyeusi hufanywa kwa vitu vitatu: shura, makaa na kiberiti. Katika kila sehemu 100, shura ni 75, makaa ni 15, na kiberiti ni 10. Vikisagwa na kuchanganywa kwa kadiri hiyo, huwaka kwa nguvu na kutoa moshi mwingi mweupe. Baruti hii ikipata unyevu haifai kitu. Ndiyo sababu wawindaji waliitia ndani ya pembe iliyozibwa vizuri, wakaichunga na mvua kuliko walivyojichunga wenyewe.

Magobori ya zamani yaliwashwa kwa jiwe la gumegume lililopiga chuma na kutoa cheche. Baadaye ikaja fataki, kijikofia kidogo cha shaba chenye dawa ndani yake, kinachowaka kikipigwa na nyundo ya bunduki. Fataki ilikuwa bora, kwa kuwa haikuzimwa upesi na upepo wala manyunyu.

Ukubwa wa bunduki hizo ulihesabiwa kwa namna ambayo huwashangaza wengi. Bunduki ya namba kumi na mbili ni ile ambayo risasi kumi na mbili za duara, zinazoenea mtutu wake, hufanya ratili moja ya madini ya risasi. Ya namba nne, risasi nne tu hutimiza ratili, yaani kila moja ina uzito wa gramu 113. Kwa hiyo namba ikipungua, bunduki huzidi kuwa kubwa. Mwingereza Frederick Courteney Selous alianza kuwinda ndovu Afrika ya Kusini katika miaka ya 1870 kwa bunduki za kushindilia za namba nne, na zilimpiga bega kwa teke kali. Baadaye aliuawa vitani huko Beho Beho, Tanganyika, mwaka 1917, na pori kubwa la wanyama la nchi hiyo likapewa jina lake.

Katika Afrika ya Mashariki magobori yaliingia kwa wingi kwa njia ya Unguja na bandari za pwani, yakachukuliwa na misafara ya Pangani, Bagamoyo na Mombasa. Kwa Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890, mataifa yalizuia kuingizwa kwa bunduki mpya katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Hivyo gobori likaendelea kuwa silaha ya mtu wa kawaida hata baada ya kuachwa Ulaya.

KUSHINDILIA

Kazi ya kushindilia gobori ilikuwa na utaratibu wake, na kila hatua ina sababu.

Kwanza, mdeki hutiwa ndani ya mtutu kupima kama mna baruti ya zamani. Mtu aliyesahau akashindilia mara mbili aweza kupasukiwa na bunduki usoni.

Pili, baruti hupimwa kwa kipimo, ndipo ikamiminwa. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye pembe, kwa kuwa cheche iliyobaki mtutuni baada ya kupiga yaweza kuwasha pembe nzima mkononi.

Tatu, risasi huwekwa mdomoni mwa bunduki, pengine juu ya kitambaa kilichopakwa mafuta, ikasukumwa chini kwa mdeki mpaka ikae juu ya baruti. Pasiachwe nafasi katikati, maana nafasi hiyo yaweza kupasua mtutu.

Nne, na ya mwisho kabisa, fataki huwekwa mahali pake. Kabla ya hapo bunduki haiwezi kulia. Baada ya hapo mdomo wake hauelekezwi kwa mwenzi hata kwa mzaha.

Fundi aliyezoea huhitaji karibu nusu dakika kufanya hayo yote, na asiyezoea dakika nzima au zaidi. Sasa msomaji airudie ile hesabu ya kwanza. Nyati huhitaji sekunde tatu, na mwindaji huhitaji thelathini. Basi ni dhahiri kwamba mwenye gobori akikosa, hana bunduki tena. Ana kipande cha chuma na mti.

UPEPO, MOSHI NA MWENZI

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Kwa sababu ya pua ya nyati, mwindaji lazima amwendee huku upepo ukimpiga usoni, ukitoka kwa mnyama kuja kwake. Wengi walichukua majivu katika kifuko, wakayapeperusha kidogo kidogo ili kuona upepo waelekea wapi. Na kwa kuwa gobori halina nguvu za mbali, ilimpasa kukaribia sana, hatua hamsini au chini yake, angoje mnyama ageuze ubavu, ndipo alenge nyuma kidogo ya bega, penye moyo na mapafu.

Lakini upepo ule ule uliomficha mwindaji sasa humgeukia. Akipiga, wingu la moshi hutoka mdomoni mwa bunduki, na upepo hulirudisha machoni pake. Katika zile sekunde tatu ambazo ni za uhai au mauti, yeye haoni kitu. Hajui kama nyati ameanguka, amekimbia, au anakuja.

Kwa sababu hiyo mwenzi wake hasimami nyuma yake. Akisimama nyuma, moshi utamfunika na yeye, na pia hawezi kupiga bila kumhatarisha rafiki yake. Husimama kando, hatua chache, mahali anapomwona mnyama nje ya moshi. Na sharti lake ni moja: asipige wakati mwenzake anapopiga. Hata nyati akiwa wazi mbele yake, hata mkono ukimwasha, huishika bunduki yake ikiwa imejaa. Bunduki mbili zikilia pamoja huleta kishindo kikubwa, lakini baada ya kishindo watu wote wawili hubaki mikono mitupu. Bunduki moja ikilia na nyingine ikingoja, daima kuna risasi moja kati ya watu na mauti.

Wa kwanza akisha kupiga, hushindilia papo hapo, bila kukimbilia kumtazama mnyama. Akimaliza hutoa ishara, na hapo ndipo mwenzi huwa huru kupiga. Kwa njia hiyo hubadilishana, na haiji dakika ambayo bunduki zote mbili ni tupu. Ni jambo jepesi kulieleza, lakini ni gumu kulitenda, kwa kuwa lamtaka mtu aache sifa ya kuua ili alinde uhai wa mwingine. Wazee walisema kweli: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

YALIYOMPATA THOMSON

Mwaka 1883 Mskoti Joseph Thomson, kijana wa miaka 25, alitumwa na Chama cha Jiografia cha London kutafuta njia ya kupita nchi ya Wamasai. Msafara wake ulipita Ngong, mahali ambapo misafara ilipata chakula kutoka kwa Wakikuyu kabla ya kushika njia ya Naivasha.

Mwisho wa mwaka huo, baada ya kuutazama Mlima Elgon, Thomson alimpiga nyati akamwona ameanguka. Akadhani amekufa, akamwendea. Nyati akainuka, akamrusha hewani kwa pembe zake, na kumjeruhi vibaya. Aliokoka, lakini ilibidi achukuliwe na watu wake kwa machela. Ndiye yule ambaye swala tomi ameitwa kwa jina lake.

Silaha za Thomson zilikuwa bora kuliko gobori. Hivyo kosa halikuwa la silaha, bali la kuamini upesi. Kwa hiyo wawindaji waliongeza kanuni nyingine: nyati aliyeanguka haendewi mara moja. Watu hungoja kwanza, bunduki zote mbili zikiwa zimeshindiliwa, kisha humwendea kutoka nyuma, mmoja akitangulia na mwingine akilenga.

KWISHA KWA SIKU ZILE

Mambo matatu yaliondoa uwindaji huo. La kwanza ni sotoka, ugonjwa ulioingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukaua ng'ombe na nyati kwa wingi usio kifani. Ulimwengu haukutangazwa kuwa umeepukana na sotoka mpaka mwaka 2011. La pili ni baruti isiyo na moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884. Mwaka 1898 mafundi wa Uingereza walikwisha kuitumia katika bunduki kubwa za kuwindia, na gobori likashindwa. La tatu ni sheria. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huruhusu kwa leseni, lakini gobori lililofuliwa kwa siri kijijini ni kosa la jinai huko pia.

Hata hivyo somo halikwisha pamoja na baruti. Nyati wangali wakiua watu kila mwaka katika nchi hizi, na wengi wa hao watu hawakuwa wakiwinda. Walikuwa wakienda kisimani au wakirudi shambani. Mtu aishiye karibu na nyati atazame upepo, awatazame ndege, asipite peke yake kichakani jioni, wala asimfuate mnyama mwenye jeraha, bali apeleke habari kwa askari wa wanyama. Na katika kila kazi ya hatari, iwe ya mgodini, ya baharini au ya kujenga majumba marefu kama yale ya Upper Hill, pawepo mmoja ambaye kazi yake ni kungoja na kutazama. Watu wasimwite mvivu.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASOMAJI

1. Kwa nini baruti haikumiminwa mtutuni moja kwa moja kutoka kwenye pembe?

2. Nyati akiwa mbali mita 70, naye akikimbia mita 14 kwa sekunde, atafika baada ya muda gani?

3. Eleza jinsi upepo ulivyomsaidia mwindaji wa gobori na jinsi ulivyomdhuru.

4. Katika kazi ya kikundi chenu, ni nani ashikaye bunduki iliyojaa?