Sikukuu ya Kuzaliwa Nyumbani: Mume na Mke Mpange Chakula Pamoja



Wazee wengi huku kando ya ziwa hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Jina la mtoto ndilo lililotunza habari: Okoth alizaliwa mvua ikinyesha, Akinyi alizaliwa asubuhi. Siku hizi mambo yamebadilika. Watoto waliosoma huwahesabia wazazi wao miaka, na baba au mama akitimiza miaka sitini au sabini, ukoo, majirani na watu wa jumuiya hukusanyika nyumbani kula pamoja. Ni desturi njema, kwa maana inatufundisha kumshukuru mtu angali hai, badala ya kungoja matanga ndipo tuchinje ng'ombe.

Hata hivyo, nyumba nyingi huingia siku hiyo zikiwa na furaha na kutoka zikiwa na kinyongo. Mara nyingi ugomvi huanzia kwenye chakula. Hebu tusikilize mazungumzo kama haya:

“Mama watoto, nimeshawaambia watu wa kazini waje Jumamosi. Watakuwa kama ishirini hivi.”

“Ishirini juu ya wale thelathini wa ukoo? Na mbona nasikia leo, Baba watoto?”

“Chakula hakiwezi kukosekana. Weka pilau, chapati, kuku, mbuzi na samaki, mambo yaishe.”

Kwa mume mambo yamekwisha. Kwa mke ndiyo kwanza yanaanza: pesa zitoke wapi, nani atakanda unga, nani atasafisha samaki, sufuria zitatoka kwa nani. Hatasema neno mbele ya wageni, lakini moyoni ataandika deni, na deni la namna hiyo hulipwa baadaye kwa maneno makali. Kwa hiyo orodha ya vyakula si kazi ya jikoni peke yake. Ni uamuzi wa ndoa, nao unahitaji watu wawili.

1. Kaeni chini kabla ya kualika

Chukueni karatasi na kalamu jioni moja watoto wakiwa wamelala, angalau majuma matatu kabla ya siku yenyewe. Andikeni mambo matatu: watu wangapi watakuja, pesa zilizopo mkononi ni ngapi, na ni nani watakaopika. Ahadi ya ndugu wa Nairobi isihesabiwe mpaka ifike. Wahenga walisema, kukopa arusi, kulipa matanga. Karamu ya mkopo huliwa siku moja na kulipwa muhula mzima, na mara nyingi karo ya watoto ndiyo inayoumia.

Mkikubaliana kwamba uwezo wenu ni watu arobaini, basi mume asiongeze hata rafiki mmoja bila kumwambia mke, wala mke asiwaongeze wenzake wa chama bila kumwambia mume.

2. Muulizeni mwenye siku

Jambo la ajabu ni kwamba wengi hupanga chakula cha kuwafurahisha wageni wa mjini, na mzee mwenyewe hupewa pilau ambayo haipendi. Muulizeni. Huenda akataka ugali wa mtama au wa wimbi, omena waliopikwa vizuri, au mboga chungu kama alizopikiwa na mama yake.

Huenda pia akataja samaki. Mzee anayetimiza miaka sabini leo alizaliwa mbuta akiwa bado mgeni katika Ziwa Victoria. Samaki huyo aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaenea mno miaka ya 1980. Hata tilapia tunayemnunua leo kwa jina la ngege, wengi wao ni wa aina iliyoletwa miaka ile ile ya 1950, ambaye wavuvi humwita nyamami. Ngege wa asili amekuwa adimu ziwani, ingawa bado wapo katika Ziwa Kanyaboli kule Siaya. Mzee akisema samaki wa siku hizi hana ladha ya zamani, msimcheke. Huenda anasema kweli.

Chakula kimoja alichokichagua mwenye siku kitamfurahisha kuliko vyakula vitano alivyochaguliwa.

3. Wajueni wageni wenu

Kisumu ni mji wa watu wengi, na meza yenu itakuwa na watu wa namna nyingi. Waadventista ni wengi katika sehemu zetu: hawali nguruwe, wala samaki asiye na magamba kama mumi. Jirani Mwislamu atakula nyama au kuku aliyechinjwa na Mwislamu mwenzake, kwa hiyo mwombeni achinje yeye, naye atafurahi kwa heshima hiyo. Mgeni wa Kihindi huenda hali nyama kabisa. Ngege au mbuta, pamoja na mboga na wali, huwapatanisha karibu wote hawa.

Tusisahau desturi za kwetu. Zamani mwanamke wa Kiluo hakula kuku, na wapo akina nyanya ambao hadi leo hawamgusi. Ukimwekea nyanya kuku peke yake, umemlaza njaa kwa heshima. Vilevile, mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawaketi kula pamoja. Tayarisheni mahali pawili, na chakula kiwe kile kile pande zote, ili mama mkwe asione kwamba nyama nzuri imeishia kwa wanaume.

Wazee wenye kisukari au shinikizo la damu nao wakumbukwe: chumvi iwe ya kiasi, maji ya kunywa yawe mengi, soda isiwe kinywaji pekee.

4. Vyakula vichache vinavyotosha

Vyakula vinane vya kuonja huchosha mpishi na kuacha makombo. Kwa watu arobaini, samaki, nyama ya aina moja, wali, ugali, mboga za aina mbili, kachumbari na matunda ni karamu kamili. Hesabu yake inaweza kuwa hivi:

Mchele kilo 3. Kilo moja hutosha watu kama kumi. Mchele wa Ahero, unaolimwa hapa hapa uwanda wa Kano, ni mzuri na hautoki mbali.

Unga wa ugali kilo 4, yaani pakiti mbili za kilo mbili. Pakiti moja hulisha watu kama kumi.

Mbuta kilo 6 akiwa amekatwa vipande, na nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 6. Kila mtu atapata kiasi cha gramu 300 kabla ya kupikwa, na inatosha. Ukitaka kumpa kila mgeni ngege mzima, utahitaji samaki arobaini, na bei itakushtua. Wekeni ngege wazima kwa mwenye siku na wazee wenzake. Kichwa cha mbuta kitawapa supu ya kufungulia.

Kuku wa kienyeji wawili au watatu kwa wazee, kama mfuko unaruhusu.

Mboga za majani, kwa mfano osuga, dek au kunde. Majani hunywea sana yakichemshwa, kwa hiyo nunueni mengi kuliko macho yanavyodhani.

Mkijumlisha mtaona kwamba wali na ugali vinaweza kulisha watu hamsini. Hiyo ni makusudi. Huku kwetu mgeni asiyealikwa hafukuzwi, na kumi wa ziada hawakosi. Akiba iwekwe katika wali, ugali, mboga na mchuzi, vinavyoweza kugawanywa. Kipande cha samaki hakinyooshwi.

5. Hesabuni mikono na majiko

Chakula kinachoonekana rahisi mezani huenda kikawa mzigo jikoni. Tazameni chapati. Watu arobaini wakila mbili mbili, ni chapati 80. Kila moja ikikaa juu ya moto dakika mbili, hizo ni dakika 160, karibu saa tatu mbele ya jiko, bila kuhesabu kukanda na kusukuma, katika joto la Kisumu. Mume anayetaka chapati na asimame naye mbele ya jiko, au zinunuliwe, au zikose.

Mboga chungu, kinyume chake, hupenda kupikwa mapema. Osuga na dek huchemshwa polepole, hutiwa maziwa, na ladha yake huwa nzuri zaidi siku ya pili. Zipikwe Ijumaa jioni, zichemshwe tena Jumamosi. Samaki anunuliwe asubuhi ya siku yenyewe, Dunga au ufuo mwingine ulio karibu, macho yake yakiwa maangavu na matamvua yakiwa mekundu. Ugali usongwe mwisho kabisa, wageni wakiwa wamekwisha kunawa.

Wanaume nao wana kazi: kuleta viti na hema, kuteka maji, kununua makaa, kuchinja, kuchoma nyama. Wekeni jiko la makaa tayari hata kama mna gesi au stima, maana stima haina adabu siku ya wageni. Ombeni sufuria kubwa kwa akina mama wa jumuiya, nanyi mzirudishe zikiwa safi kesho yake.

6. Chakula kisigeuke ugonjwa

Kipindupindu kimezuka mara nyingi katika nchi za kando ya ziwa. Maji ya kunywa na ya kuoshea kachumbari yachemshwe au yatiwe dawa. Sabuni iwe pamoja na maji ya kunawia. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili bila moto au baridi, na siku ya joto kali kisizidi saa moja. Hotuba zikiwa ndefu, watu wale kwanza, hotuba zifuate.

7. Siku ikiangukia Ijumaa ya Kwaresima

Sheria ya Kanisa inawataka waamini kuanzia miaka 14 wasile nyama Ijumaa za Kwaresima. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wenye umri wa miaka 18 hadi 59 hufunga pia. Siku ya kuzaliwa ikiangukia Ijumaa Kuu au Jumatano ya Majivu, isogezeni. Ijumaa nyingine za Kwaresima mnaweza kuisogeza hadi Jumamosi, au kuandaa meza ya samaki bila keki kubwa na makelele. Kwetu samaki ni chakula cha heshima, kwa hiyo mgeni hatanyimwa kitu.

Kuhusu pombe, kubalianeni mapema na kwa uwazi kama itakuwapo au la, na kwa kiasi gani. Mke asigundue kreti nyuma ya nyumba siku yenyewe.

8. Mpishi naye aketi

Tumefika kwenye jambo kubwa. Katika karamu nyingi mama wa nyumba huamka saa kumi za usiku, hupika, hupakua, huosha, na wageni wakiondoka hula ukoko akiwa amesimama. Mume hupongezwa kwa karamu nzuri, naye hukubali pongezi. Miaka ikipita, mwanamke huyo huanza kuchukia wageni, na watu husema amekuwa mchoyo. Si mchoyo. Amechoka.

Mnapomaliza kuandika orodha yenu, jiulizeni swali moja: kwa chakula hiki, je, mama wa nyumba ataweza kuketi na kula wageni wakiwapo? Jibu likiwa hapana, futeni kitu. Ondoeni chapati, au kuku, au vyote viwili, mpaka jibu liwe ndiyo. Na siku yenyewe mume amwekee mke wake kiti mapema, kando ya mwenye siku, ampakulie sahani kwa mkono wake mbele ya watu wote. Watoto wenu wataona, na watakumbuka kuliko keki.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Katika karamu ya mwisho nyumbani kwetu, nani aliamua chakula? Nani hakuulizwa?
2. Je, tuna deni lolote linalotokana na sherehe? Tutalilipaje kabla ya kupanga nyingine?
3. Mume: ni kazi gani mbili utakazofanya mwenyewe siku hiyo? Mke: ni kazi gani mbili utakazokubali kuziachia wengine?

Mungu abariki meza zenu.